Futi Mkononi

Mwenzangu, nimeumbuka! Nimeumbuka, na bado nacheka peke yangu kama mwehu.

Si unajua leo tulikwenda kuiona ile nyumba inayouzwa? Baba watoto alinionya tangu asubuhi: "Tukifika, nuna. Tuseme kupanga kunatutosha, ili mzee ashushe bei."

Na nikanuna kweli! Wao wamekaa sebuleni, yeye anamwambia mwenye nyumba, "Hatuna haraka, mzee wangu, tumepita kutazama tu."

Mzee akageuka kunitafuta. Niko juu ya stuli yake, futi mkononi, napima dirisha! Juu ya stuli! Sijui hata nilipandaje. Ushonaji huu utanitoa roho.

Mzee alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama, na hayo mapazia ni ya kutazama tu?"

Bei haikushuka hata shilingi.

Njia nzima, sasa kanuna baba watoto. Nikajua leo nimekwisha. Tumefika mlangoni kwetu, anatafuta ufunguo, hanitazami, akaniuliza polepole:

"Dirisha la chumba cha watoto ulipima?"