Turubai Litawekwa Wapi

Mtoni, Dar es Salaam

Baba yangu,

Shikamoo. Ukishaitikia, vaa miwani ukae penye mwanga, maana barua hii ni ndefu. Nimeiandika kwa herufi kubwa ili usimtafute mtu wa kukusomea, kwa sababu mengine yaliyomo ni yako peke yako. Magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaitumia, au umeshampa jirani? Na kifua cha shangazi kimetulia? Huku sisi ni wazima ila tumechoka. Sisemi hivyo ili nitumiwe korosho, ingawa zikija sitazirudisha.

Nimeona nikuandikie kwa sababu simu yetu ya juzi iliniacha vibaya. Uliniuliza, "Zuhura, mkinunua nyumba huko, ndiyo kusema hurudi tena Newala?" Mimi nikaanza kukueleza habari za bwawa la kuogelea. Nikaeleza weee, mpaka ukaniuliza kama tunanunua nyumba au tunanunua mto, tukacheka, na simu ikaishia hapo. Swali lako sikulijibu, na najua uliona. Nitalijibu humu, lakini acha nianzie mbali kidogo.

Unajua kwamba mwenye nyumba wetu wa hapa Mtoni ameuza na anataka tuondoke. Vyumba hivi viwili tuliviingia kabla Tatu hajazaliwa, na sasa Tatu anavaa viatu vyangu. Sitavililia sana. Masika ikianza, maji ya mtaro huingia ndani, tunapandisha magodoro juu ya meza na sisi tunapanda kitandani kwenye chaga tupu. Lakini kuhama nako ni kazi. Wiki nzima niko Kinondoni kwenye karakana nashona sare za shule, nikirudi miguu imevimba na sina hamu ya kuongea na mtu. Jumapili, siku moja ninayopumzika, tulikuwa tunaimaliza kwa kuzungukia nyumba za watu, tunatazama vyoo vyao na kugonga kuta zao. Kuna siku nilikalia ngazi ya nyumba nisiyoijua nikasinzia, dalali akadhani nimeipenda.

Bwawa alilitaka Bakari. Usimcheke mkweo. Unajua yeye ni mtu wa Rufiji, ila habari za mto hazitaki kabisa, kwa sababu mdogo wake alichukuliwa na maji wakiwa pamoja na yeye hakuweza kufanya kitu. Sasa masika iliyopita Ismaili wetu aliteleza akaingia kwenye mtaro wa nyuma ya nyumba, maji yanakwenda kasi. Mama Shani, jirani yetu wa chumba cha mwisho, akamdaka shati. Sikukuambia wakati ule kwa sababu ya presha yako. Tangu siku hiyo Bakari ana neno moja tu: watoto wajue kuogelea. Kwa hiyo aliposikia kuna nyumba mpya kupita Kinondoni, mbali kabisa nje ya mji, zimejengwa ndani ya uzio mmoja na zina bwawa la wote, hakulala vizuri mpaka tulipokwenda.

Bwawa lenyewe ni zuri, baba, sitasema uongo. Maji yanang'aa mpaka unaona vigae vya chini. Bakari alichuchumaa akatia mkono, akauacha humo muda mrefu.

"Watoto wanaogeleaga siku gani?" akamuuliza binti wa ofisi aliyekuwa anatutembeza.

"Wikiendi, braza. Na mwalimu yupo kabisa. Wako watakuwa samaki hao."

Nyumba nazo ni safi. Umeme, maji ya bomba, barabara ya lami ndani kwa ndani, mlinzi getini anaandika kila anayeingia. Kuku hawaruhusiwi, na kuanika nguo mbele ya nyumba hairuhusiwi. Yote hayo niliyameza. Sijui kwa nini niliuliza nililouliza. Labda ni kwa sababu niliona kila nyumba ina kiua cha kutosha kutandika kanga mbili tu.

"Mdogo wangu, kukiwa na msiba, turubai linawekwa wapi?"

"Turubai hapana, sista. Ishu za misiba zinafanyikiaga ukumbini, pale getini. Mnabuku tu mapema."

"Mapema kiasi gani?"

Maskini, akaona mwenyewe alichokisema, akainamia simu yake. Mimi nikawaza shangazi na wenzake wanateremka na mikeka yao kichwani wakitoka Newala, na mlinzi anawauliza wanakwenda nyumba namba ngapi. Nikacheka peke yangu, kisha kicheko kikakatika.

Bakari hakucheka. Tukiwa njiani akaniambia, "Mie natafuta pa kuishi na wanangu, we unatafuta pa kufia." Maneno hayo yaliniuma sana. Siku kadhaa tukawa tunaongea habari za chumvi na mkaa tu. Nilijiona mkosefu, baba. Baba wa watoto anataka wanawe wasizame, mimi nauliza turubai. Nikajiambia nitakubali, tununue ya bwawa, yaishe.

Lakini tulikuwa tumeshamwahidi mtu mmoja kwamba tutakwenda kuiona nyumba yake yenye mwarobaini uani, mbele ya Gongo la Mboto. Tukaenda kwa kutimiza ahadi tu. Tulipofika tukakuta turubai limeziba barabara yote. Kulikuwa na msiba, na mwenye nyumba tuliyemfuata alikuwa humo humo, amebeba viti. Huwezi kupita msibani ukaenda kupima madirisha. Bakari akaenda kukaa na wanaume, mimi nikavua viatu nikaingia kwa wanawake.

Sikupata hata nafasi ya kusema mimi ni nani. Mama mmoja, baadaye nikajua anaitwa mama Hidaya, alinirushia kanga nijifunge kiunoni, akanisukumia ungo wa mchele. "Chambua huo, shoga. Mwenye duka katuuzia kokoto leo." Nikachambua. Wenyeji walidhani mimi ni wa ukoo, wa ukoo wakadhani mimi ni jirani, na mchele ulikuwa na mawe kweli. Marehemu alikuwa bibi muuza vitumbua, mtu wa kwetu kusini, wa Lindi. Mjini alikuwa na binti mmoja tu. Lakini watu walijaa, baba. Wengine walikuwa wanachota maji, wengine wanakatakata vitunguu, na binti wa marehemu hakuachwa peke yake hata dakika moja. Waliponisimulia kwamba bibi huyo kila asubuhi alikuwa akiwaachia watoto wa shule vitumbua vilivyoungua pembeni, nililia. Simjui, nililia. Hakuna aliyeshangaa.

Ungo wa pili ulipokwisha, mama Hidaya akanitazama usoni. "We wa nyumba ipi vile?"

"Ile ya mwarobaini," nikamjibu. Sikuwa nimeingia hata mlango wake.

Wanaume walirudi kutoka makaburini, Bakari suruali imejaa vumbi jekundu hadi magotini. Ndipo tukaiona nyumba. Nikueleze ubaya wake usije ukasema nimekuficha. Ukuta wa nyuma haujapigwa plasta. Maji hayatoki kila siku, inabidi kuwa na tangi. Mvua ikinyesha ile barabara ni ya kuvua viatu. Jirani kuna kinyozi anayepiga muziki wa singeli mpaka vikombe vinatikisika. Na mimi kazini nitakuwa mbali kuliko sasa, yaani nitachoka zaidi ya ninavyochoka. Ila ina vyumba vitatu, ua mpana, na mbele kuna nafasi ambayo niliipima kwa hatua.

Bakari alikaa kwenye baraza akikung'uta vumbi. Akaniuliza, "Hivi mama Shani anajua kuogelea?"

"Hajui."

"Alifanyaje siku ile?"

"Alikuwa anafua pale nje. Akamwona mtoto, akamdaka."

Akasimama. "Basi twende tukaongee na mwenye nyumba," akasema. Na kuogelea hakukuacha. Siku hizi Jumapili anawapeleka watoto kwenye bwawa la gesti moja huko njia ya Pugu. Tatu ananiambia baba yake naye huingia, anashika ukingo kwa mikono miwili na kutoa maagizo.

Tumeshaandikiana na mwenye nyumba, mbele ya mjumbe. Tunahamia kabla ya vuli.

Sasa nakujibu, baba. Hapana, sirudi.

Nimeliandika hilo neno halafu nikaenda kuosha vyombo, ndiyo nimerudi. Sirudi kuishi. Nitakuja Idi, nitakuja ukiniita, nitakuja na watoto waje kula embe zako. Lakini kile kiwanja chenye mikorosho mitatu ulichonikatia, kilichopakana na kaburi la mama, mpe kaka Issa ajenge. Miaka yote hii umekifyeka kila kiangazi ukinisubiri, na kila nikikuona unafyeka kwenye zile picha anazonitumia Issa, roho inaniuma. Usikifyeke tena kwa ajili yangu.

Bakari alisema kweli kwamba nilikuwa natafuta pa kufia, ila nilidhani naulizia turubai kwa ajili yako. Nilikuwa nawaza ukija kuishi kwetu ukatutoka huku, itakuwaje. Nilipokuwa nachambua ule mchele ndipo nikajua haikuwa hivyo. Wewe, Mungu akupe umri, tutakurudisha Newala ukalale karibu na mama, ulishatuusia na Issa anajua. Lakini mimi siku yangu ikifika itanikuta huku, na sisi hatukai na maiti. Nitazikwa jioni ile ile, kwenye lile vumbi jekundu aliloingia nalo Bakari. Ile nafasi ya mbele ya nyumba ni ya turubai langu. Miaka yote hapa mjini nikiulizwa mimi ni wa wapi, najibu Newala kabla mtu hajamaliza kuuliza. Siku ile nilitaja mwarobaini.

Chumba cha tatu ni chako. Kina dirisha upande wa barabarani, utaona watu na watu watakuona. Usiponijibu nitaelewa. Ukikasirika pia una haki, ila nakuomba uje unikasirikie hapa hapa, nikiwa nakukanda magoti.

Nisalimie shangazi, mwambie apunguze moshi wa jikoni. Nisalimie kaka Issa na mkewe, na yule mtoto wao mchanga umbusu wewe kwa niaba yangu. Msalimie pia jirani yako fundi seremala, aliyekuwa ananiazima baiskeli. Tatu na Ismaili wanakuamkia. Bakari anasema nikuandikie kwamba bwawa lilikuwa zuri, lakini hakuona pa kukuketisha wewe pembeni yake.

Ukipita kwa mama, mwambie wewe. Mimi sijui nianzie wapi.

Mwanao,
Zuhura