Vitambaa vya Kuazima na Koti la Shemeji

Waya,

Tangu tukuzike hakuna anayenitania tena. Nyumba ina adabu hadi inachosha. Nakukumbuka sana, shangazi yangu.

Wageni walikuja Jumamosi. Wale wale wako. Wewe ndiwe uliyekuwa jagam wetu, mshenga uliyemsifu Odhiambo kwangu na kunisifu mimi kwake, kisha ukaondoka kabla hatujaonana vizuri. Ulijua sikuwa nimekubali. Nilikuambia huyo mtu wa Asembo ni mpole kupita kiasi, kila neno limepakwa asali, sijui ndani yuko nani. Hukubishana. Ulinionyesha tu ile picha.

Bado iko sebuleni kwetu hapa Katito, pale ulipoitundika baada ya yule Mhispania uliyemfulia nguo kule Milimani mjini kuhama na kukuachia. Bwana anainama mbele ya binti, wote wawili wamefunika nyuso kwa barakoa, na nyuma yao vikongwe wanachekelea. Alikuambia kwamba mchoraji alikuwa akiwacheka watu wa kwao kwa jinsi wanavyochumbiana. Wewe ukasema, "Hawa ni watu wa Katito kabisa!" Kisha ukanishika mkono: "Usikatae, usikubali. Ngoja avue."

Basi sikia. Mama aliogopa tutadharauliwa, maana Baba hayupo. Akaazima makochi kwa jirani, na vitambaa vyeupe vya kuyafunika akaviazima kwa mama mmoja wa kanisani. Mimi nilipakwa poda hadi nikajishangaa. Odhiambo naye akaja na koti la kung'aa, akainama kwa kila mtu, hata kwa mtoto. Tulitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Ndipo shangazi yake Odhiambo, aliyefuatana naye, akashika kitambaa, akakigeuza. "Lakini hii ni mimi nilishona! Niliuzia mama fulani wa kanisa hapa!"

Mama akainamia sakafu, Waya. Nilitaka kulia, si kwa aibu yangu, kwa ajili yake. Alikuwa amehangaika wiki nzima.

Odhiambo akasimama. Akavua koti, akaliweka juu ya kile kitambaa. "Mama, usijali. Hata hii koti ni ya shemeji. Imenibana tangu asubuhi."

Shati lake lilikuwa limechanika kwapani. Mama akaanza kucheka, shangazi mtu akacheka hadi akajishika mbavu, na mimi nikacheka poda ikaniteremka na machozi. Nikamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Alikuwa anatoka jasho, hajui aweke wapi mikono.

Nimekubali, Waya. Alivua. Nilikigeukia kiti chako ili nikuambie, kumbe amekikalia mtu mwingine.

Pumzika sasa, kazi yako imekwisha. Picha nitahama nayo Asembo, niitundike mlangoni wageni waione kwanza. Na siku ya harusi nakuahidi sitaazima kitu cha mtu, isipokuwa kile kilemba chako cha buluu. Hicho nacho sitakirudisha.

Binti wa kaka yako,
Akinyi