Zamu Yangu ya Kumwombea Meya

Jumatatu, 6 Mei
Orodha ya zamu imebandikwa mlangoni mwa kanisa. Jumapili hii maombi ya viongozi — mimi! Na meya mpya ni nani? Baba wa watoto wangu, tuliyeachana naye miaka sita iliyopita. Mchungaji anasema lazima tuwataje kwa majina, hata wasiotupendeza. Rahisi kwake kusema. Hajawahi kufua soksi za yule bwana.

Jumatano, 8 Mei
Kazini kumechafuka. Muuguzi mkuu kasema barua ya kufunga wodi yetu ya uzazi iko mezani kwa meya, inangoja sahihi tu. Wajawazito waende hospitali kuu, mwendo wa saa mbili kwa gari. Na huyo mtu husaini bila kusoma! Hata karatasi za talaka hakusoma. Baadaye alikuja kuniuliza makochi yamebaki kwa nani.
Nimejaribu kumwombea. Ikawa laana. Nikaacha.

Ijumaa, 10 Mei
Nilikuwa nakunja shuka za wodi, wazo likanijia. Namjua. Akiwa na jambo zito hapati usingizi, halafu asubuhi anasaini ili yaishe. Basi hayo naweza kumwombea bila unafiki: alale, aamke, asome. Nimeomba palepale, shuka mkononi. Nikalia kidogo, kwa raha. Miaka sita nimembeba huyu mtu moyoni kama gunia — leo nimelitua. Kumrudia, hapana.

Jumapili, 12 Mei
Nimemtaja mbele ya kanisa zima na sauti haikutetemeka. Mpe usingizi, Bwana, wala asitie sahihi kitu asichokisoma. Amina ikaitikwa, wengine wameziba midomo wasicheke. Kufumbua macho — yuko benchi la nyuma, anatazama viatu vyake. Aliondoka kabla ya baraka.

Saa tisa alasiri. Dereva wake yuko sebuleni, nimempa chai.
“Mama, mheshimiwa anauliza ni karatasi ipi hiyo,” kasema. Akakuna kichwa. “Na kweli, jana hakulala.”
Nimemwambia anywe taratibu. Niko chumbani, naandika hapa kwanza kabla ya kumjibu bosi wake. Moyo mweupe, ila mikono haijui. Barua niliyoanza kumwandikia imejaa mambo ya makochi. Nimeichana. Naanza upya: wodi yetu ina vitanda kumi na viwili, na leo vyote vina watu.