Saini ya Ishirini na Tano

Jumamosi, 2 Machi

Wiki ya pili sina kazi. Miaka kumi na moja nimesoma mita za maji za kata hii. Najua geti lipi lina mbwa wa kweli na lipi lina kibao tu. Nilipoanza mita zilikuwa mia tatu. Nimeziacha elfu moja na mia mbili, nyingi kule kwenye maghorofa mapya. Watu wameongezeka mara nne, diwani ni yule yule. Bwana Lami — uchaguzi wa tatu huu anaahidi lami. Nimeacha kazi ili nigombee kiti chake. Mume wangu anasema nimechanganyikiwa, ila anasema huku anatabasamu.

Leo kikao kwa shemeji, kaka yake mume wangu. Ndiye anayeniendeshea kampeni. Mtaa wa zamani umejaa hadi mlangoni. Nilimwalika na mwokaji mikate wa maghorofani, mama mwenye duka lake pale chini, kule wanamsikiliza. Shemeji kasimama, kasema mji una wenyewe, hawa wakuja wa ghorofani hata bomba hawajui kulifunga wakishanawa. Watu wakacheka. Mwokaji mikate akaondoka, chai hajaigusa. Shemeji ana mdomo! Lakini kura za mtaa wa zamani ziko mfukoni mwake. Nitampitia yule mama nimwombe radhi.

Jumatano, 6 Machi

Wadhamini ishirini na watano wa fomu yangu ya kugombea wametimia. Wote wamejiandikisha kupiga kura kata hii, ndilo sharti. Wa mwisho mama mkwe. Kaweka saini pole pole, ulimi nje.

Ghorofani sikwenda. Shemeji anasema saini zao zitaniponza, Bwana Lami ataniita mgombea wa wakuja. Nikakubali. Kwa mwokaji mikate pia sijafika. Shughuli nyingi.

Alhamisi, 7 Machi

Fomu nimerudisha. Karani wa uchaguzi kaigonga muhuri.

Ijumaa, 8 Machi

Saa nne asubuhi karani kapiga simu. Mdhamini wangu mmoja yumo pia kwenye fomu ya Bwana Lami. Hairuhusiwi, anafutwa kote kuwili. Nimebaki na ishirini na wanne. Kurekebisha ni leo, mwisho saa kumi jioni. Bwana Lami kapeleka thelathini, hata hatikisiki. Mimi nilipeleka idadi kamili. Akili ya msoma mita — namba ikitimia, funga kitabu.

Jina lenyewe: mama mkwe.

Nimekwenda mbio. Nimemkuta anachambua mchele. Ndiyo, anasema, Bwana Lami alikuja Jumatatu, akakaa, akapewa maji, akaomba msaada wa saini. "Mwanangu, mtu kaingia kwangu, kanywa maji yangu, nimtoe mikono mitupu? Na wewe nawe ukaja." Kwake saini ni kama chumvi, jirani akiomba unampa. Nikacheka, kisha nikalia. Kaniuliza kwani kakosea wapi. Nikamwambia hujakosea, mama. Nikachambua naye mchele kidogo, nisiondoke vibaya.

Saa nane

Mtaa wa zamani nimeumaliza. Waliopo nyumbani wamenisainia mimi au wamemsainia Bwana Lami. Wengine wako kazini hadi jioni. Shemeji anapiga simu kila robo saa, anasema tafuta yeyote. Yeyote, leo! Ghorofani wengi kadi zao za kura ni za walikotoka. Namjua mmoja tu mwenye kadi ya hapa, maana siku aliyoipata alinionyesha getini kwa furaha.

Saa tisa na robo

Niko dukani kwake. Mwokaji mikate kanipokea vizuri, kanipa kiti. Fomu kaisoma yote, hata maandishi madogo ya chini, unga vidoleni.

"Dada, mimi nataka ushinde," kasema. "Bomba letu lilipopasuka Jumapili ile, ni wewe uliyekuja. Lakini kwenye kikao nilikuwa nakuangalia wewe, sio shemeji yako. Ulicheka."

Ni kweli. Niliandika humu watu wakacheka. Watu! Na mimi nilicheka. Si sana, ila meno yalionekana. Nimejidanganya hadi kwenye daftari ambalo hakuna mwingine analisoma. Naona aibu.

Sharti lake: nimpigie shemeji simu hapa hapa, sauti juu, nimwambie maneno yale si yangu. Ndipo asaini. Anasema hana hasira. Ila hawezi kuwaambia majirani zake wanipe kura, na hajui huwa nasema nini wao wasipokuwepo. Kaenda kutoa trei ya mwisho, nifikirie.

Nikimwambia shemeji, mtaa wa zamani unaondoka naye leo hii. Nisipomwambia, sina fomu. Na kazi nilishaacha.

Saa tisa na nusu

Kutoka hapa hadi kwa karani ni dakika ishirini, ukikaza mwendo. Naandika nitakachosema, nisije nikababaika:

Shemeji, uliyosema Jumamosi juu ya watu wa ghorofani ni mabaya, si maneno yangu, na mimi nilikosea kucheka.

Nimekata hayo ya mwisho, ya kucheka. Bila hayo inasomeka vizuri, lawama zote zake.

Nimeyarudisha.

Mwokaji mikate kaweka trei mezani, anafuta mikono, kasogea karibu. Sauti ya simu nimepandisha hadi mwisho. Inaita.