Kigelegele Uwanja wa Gofu

Jumamosi, mwezi wa sita, 2015

Na usingizi hauji kabisa! Mimi, mtoto wa wafugaji wa Minembwe, kule Kongo, leo nimecheza gofu.

Bibi Carol, mzee ninayemtunza, hakuwa ametoka kutembea tangu mume wake afe. Leo akanipeleka kwenye uwanja waliokuwa wakicheza pamoja, nje ya mji wa Buffalo, hapa Marekani. Vichaka, majani marefu ya mwitu, halafu msitu. Nikaona malisho ya kwetu, ila ng'ombe hawapo.

Akanipa fimbo yake. "Piga, Mama Neema."

Nikapiga kama ninalima. Likaruka bonge la udongo, mpira ukabaki. Bon, nikarudia. Ukapaa juu ya vichaka, ukaanguka kwenye majani mafupi ng'ambo! Nikapiga kigelegele kama cha harusi.

Kumbe kule watu hunyamaza mwenzao akipiga. Kwenye shimo la jirani, bwana mmoja alikuwa ameinama juu ya mpira wake. Akashtuka, akakosa. Alinitazama kwa hasira mpaka nikawaza: huyu atawapigia simu wakubwa wangu wa kazi ya kutunza wazee, kazi imekwisha. Bibi Carol, yeye, alicheka mpaka akakaa chini.

Shimo la mwisho tukamkuta tena yule bwana. Nikaziba mdomo kwa mkono. Mpira wake ukatembea polepole, ukatumbukia. Wenzake wakapiga makofi kidogo.

Hakuwatazama. Alinigeukia mimi, akasubiri.

Donc, nikampa kigelegele chake. Kirefu, mpaka ndege wakatoka mitini.