Mshenga Aseme Ninasiriba Nyumba za Midoli

Tabata, Dar es Salaam

Mama yangu,

Shikamoo Mama. Mimi mwanao Yona ni mzima, ila joto la huku linanitoa maji kama nimekaa juu ya sufuria. Nyie huko Malindi ya Lushoto hamjambo? Kile kifua kimetulia, au ukungu wa asubuhi bado unakukohoza? Usiende kukata majani ya ng'ombe kabla jua halijatoka, muache Neema aende. Na wewe Neema mdogo wangu, najua ndiye unayemsomea Mama hii barua. Usiruke mistari.

Mama, naandika kwa sababu kwenye simu mimi naishiwa maneno, unanijua. Jumapili ile Mjomba alipochukua simu mkononi mwako akaanza kunisema, mimi nikawa naitikia tu, ndiyo Mjomba, ndiyo Mjomba, mpaka akakata. Sasa amekaa anajua nimekubali. Sijakubali. Naomba barua isomwe na yeye akiwepo, asikie.

Alisema hivi. Mshenga akienda kwa kina Naomi kupeleka posa, aseme mimi ni fundi ujenzi, najenga maghorofa. Au niache kazi, nirudi nipasue mbao na Elia mwanawe, ndiyo posa iende. Eti baba yake Naomi hawezi kutoa binti kwa mwanaume anayejenga nyumba za panya.

Nyumba za panya ni maneno ya Elia, nayatambua. Alipoleta matunda ya pea sokoni huku alipita kuniona kazini. Akanikuta nimeshika kajumba, urefu wake unanifika gotini. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Aisee Yona, hiyo midoli unailaza saa ngapi? Unaiimbia?"

Nikaendelea kupaka. Akaangalia vidole vyangu, vyeupe tupu, akasema, "Ndugu yangu, unasiriba! Mwanaume mzima na ndevu zake anasiriba!"

Akapanda na hilo neno mpaka huko.

Basi ngoja nieleze mwenyewe. Mama Salha, mwenye kazi, anatengeneza nyumba za midoli. Watu wanawanunulia watoto, wengine wanaziweka sebuleni wazitazame. Mbao anakata yeye, kuta ni zangu. Nachukua puti, ule unga mweupe mafundi wanaozibia nyufa za ukutani, nauchanganya na maji na gundi ya mbao mpaka uwe kama uji wa mgonjwa. Napaka kwa kipande cha plastiki. Ukianza kushika nagongagonga na sponji, inakuwa plasta. Nikitaka tofali nachora na kijiti cha meno, nikitaka mawe napigapiga na mswaki mkavu. Majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa nayakausha, nayabandika chini, yanakuwa udongo wa uani. Ukiinama ukachungulia unaweza kudhani mtu atatoka na ndoo.

Mwanzo niliharibu. Nilishika donge nikalitupa ukutani kwa nguvu, kama tunavyokandika kwetu, donge linaingia kwenye fito linang'ang'ania. Sasa pale hakuna fito, Mama, ni ubao mtupu. Kesho yake nakuta ubao umepinda, ukuta wote uko sakafuni. Mama Salha akasema, "We Msambaa, hapa hatujengi zizi!" Akanionyesha: gundi kwanza, halafu tabaka jembamba, likauke, ndiyo lingine.

Ila kumalizia sikufundishwa na mtu wa Dar. Kulainisha kwa ncha za vidole, mkono umelowa kidogo, hubonyezi, unapita tu, hiyo niliiona kwako. Krismasi ikikaribia ulikuwa unasiriba nyumba kwa samadi na majivu, mimi nakuletea maji na kuangalia mkono wako. Mjomba akipita ananifukuza, "Toka hapo, hiyo kazi ya wanawake!" Natoka. Naenda kuangalia nikiwa kwenye migomba.

Safari hii sitoki.

Sirudi kupasua mbao. Na mshenga asidanganye. Ghorofa sijajenga hata moja. Naomi aolewe na fundi wa maghorofa, halafu afike huku anikute na sponji, nitamtazama na uso gani? Wanikatae mimi mwenyewe, wasije wakamkubali mtu ambaye hayupo. Nampenda, Mama. Hilo kwa mdomo sijalisema kwa mtu yeyote. Wakikataa nitaumia sana. Lakini kujificha sijifichi.

Kwa hiyo nimetuma mzigo kwenye basi la Lushoto, Neema akaupokee stendi, aubebe wima. Ni nyumba. Ni ile yetu ya udongo, na bati lake lenye kutu, na ufa uliopo juu ya mlango. Nimeisiriba mimi. Mshenga aibebe, aiweke mezani kwa baba yake Naomi, aseme, kijana wetu anafanya hii. Kisha anyamaze. Wakicheka, wacheke huku wanaiona.

Naomi nilishamtumia picha. Mchana kutwa nachungulia simu, nikajua basi. Jioni akaniandikia, "Hilo dirisha linafunguka?" Nikamjibu, bado. Nimelikata, sasa linafunguka.

Na wewe Mama, kama nawe unaona aibu, niambie wewe mwenyewe, usimtume mtu.

Msalimie Bibi, mama yake marehemu Baba, mwambie bado naongea Kisambaa, hata usingizini wenzangu wananisikia. Wasalimie wanakwaya wenzako. Elia mwambie pea zake zilikuwa zimeiva vizuri, maneno yake ndiyo mabichi. Mama mkubwa wa Kwai naye asisahaulike.

Mjomba, shikamoo. Baba alipofariki wewe ndiye uliyetushika, na heshima yako iko palepale. Kwa hili nasema hapana. Na posa wakiikataa, ile nyumba msiwaachie. Rudini nayo.

Ni mimi mwanao,
Yona, fundi wa kusiriba