Mguu Nilioinua Kila Jioni

Ufuoni, Homa Bay,
Jumapili, 9 Machi 2025.

Mpendwa dada Robi,

Nakusalimu kutoka huku ziwani, wewe na shemeji Joash na watoto wote. Lile goti lako la kushoto limepata nafuu? Tulipokuwa kwenye matanga ya shangazi mwezi wa kumi na mbili nilikuona ukishika ukuta ili usimame, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiliwaza. Joto la Mtwapa nasikia limezidi mwaka huu. Kunywa maji mengi, usingoje kiu.

Mimi ni mzima, ila mgongo unanisumbua asubuhi. Kezia ameniambia kwamba kule kwetu Ntimaru mvua imeanza na amepanda mahindi shamba la juu. La chini ameliacha kwanza kwa sababu mbegu haikutosha. Binti yetu Valentine yuko kidato cha tatu. Mara ya mwisho kuwaona wote wawili ilikuwa kwenye matanga hayo hayo. Kwa ramani Homa Bay na Kuria si mbali, zinakaribiana kuliko ninyi na sisi, lakini nauli haisomi ramani.

Najua utashangaa kuona karatasi badala ya simu. Kuna kitu natuma pamoja nayo, na pia kwa simu ningefupisha mambo na kujipendelea. Kwenye kifurushi utakuta mpira mweusi wenye mikunjo, uliopasuka. Usiutupe ukidhani ni takataka. Ni wa Joash auangalie kwa jicho lake la fundi. Nimeutoa kwenye pipa la taka la bosi wangu, nikauosha kwa sabuni, na nikamlipa Levis, kondakta wa basi la usiku, aubebe kama mzigo mdogo.

Wewe ulijua nimeajiriwa kulinda boti, lakini sikuwahi kukueleza ni boti ya namna gani. Ni ya mzee Obare, yule mwenye malori ya mchanga Rongo. Aliinunua kuukuu kutoka huko kwenu Pwani, nyeupe, ya kukimbia sana, ya kupeleka wageni Rusinga na Mfangano siku za Jumapili na za harusi. Maboti ya wavuvi huku yana injini ya kuning'iniza nyuma, hata ukitaka unaibeba begani unaenda nayo nyumbani. Hii ya Obare injini yake imo ndani, kubwa kama ya gari, na nyuma kuna mguu wa chuma unaotoka kwenye tundu na kushuka majini na propela yake. Kwenye lile tundu ndipo mpira huu unapokaa. Ni kama ule mpira wa kufunika kiungo cha gurudumu la Probox, ila huu ni mkubwa zaidi, na kazi yake ni kuzuia ziwa lisiingie.

Kazi yangu ni kuosha, kulinda, kusukuma, kufunga kamba na kulala humo. Nalipwa elfu kumi na nne kwa mwezi. Sikusomea chochote, unajua niliishia darasa la saba. Nilichojua kuhusu injini za majini nilikiona kwa wavuvi hapa ufuoni. Na wavuvi wana sheria moja ambayo hata mlevi anaifuata. Ukirudi nchi kavu, unainua injini juu. Usipoinua, inagonga mawe, magugu yanaizunguka, na watu wanakuita mvivu mbele ya mkeo.

Basi nami kila jioni nilikuwa nabonyeza swichi, mguu wa boti unapanda mpaka mwisho, halafu naupangusa kwa kitambaa mpaka unang'aa. Ulikaa juu hivyo Jumatatu mpaka Jumamosi, juani, ukingoja wageni. Watu wakipita wananisifu. Obare mwenyewe aliwahi kuwaambia wageni wake, "Huyu Mkuria anatunza boti yangu kama ng'ombe wa baba yake." Nilifurahi, Robi. Sijasifiwa mara nyingi maishani.

Mwezi uliopita, tarehe kumi na sita, tulikuwa tukirudi kutoka Mfangano na wageni wanane. Kwa wiki mbili hivi mguu ulikuwa ukinguruma tukikata kona, nami nilimwambia Obare, akasema tumalize Jumapili hii kwanza. Karibu na Mbita ule mngurumo ukawa kelele ya chuma kusaga chuma, kisha ukasikika mlio mmoja na boti ikasimama. Nilipofungua kifuniko cha injini nikakuta maji yamefika nusu ya ndani. Mama mmoja alianza kuomba. Mimi nilichota maji kwa ndoo.

Tulivutwa na mtumbwi wa wavuvi wenye injini ndogo kabisa, wale wale ambao kila wiki tulikuwa tukiwapita na kuwarushia mawimbi. Walicheka njia nzima. Mmoja wao akauliza, "Omera, ndugu yangu, ndege ya Obare imepata pancha?" Mwenzake akamjibu, "Mwache, imeshuka kutusalimia." Wageni nao wakacheka kwa sababu walikuwa wameona nchi kavu. Mimi sikucheka.

Fundi aliletwa kutoka Kisumu. Sasa sikiliza bei, na umwulize shemeji kama tumeibiwa. Mpira wenyewe, elfu kumi na nane na mia tano. Beringi iliyo nyuma ya mpira, elfu ishirini na mbili. Krosi mbili, zile za kuunganisha shafti inayozungusha propela, elfu ishirini na nane. Gia za juu zimelika meno kwa kuwa maji yaliingia kwenye oili, ilitoka nyeupe kama chai ya maziwa. Hizo ni laki mbili na nusu, na zinaagizwa. Kazi ya fundi na malazi yake elfu arobaini na tano. Aliongeza kwamba pampu ya maji nayo inafaa kubadilishwa kila mwaka, na oili kila msimu, na mpira kila miaka miwili hata kama haujapasuka. Obare alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akasema, "Lori langu linabeba tani kumi na halili hivi."

Hapo ndipo ubaya ulipoanza. Mpira huo ulikuwa mpya. Uliwekwa mwezi wa sita mwaka jana, na aliyeuweka ni Chrispine, fundi wa injini za wavuvi hapa ufuoni, mtu mpole ambaye hunywa uji wake akiwa amesimama. Obare alimpa pesa, naye akaenda kuununua Kisumu. Risiti ililowa ikaharibika. Obare akapiga hesabu yake: mpira wa miaka miwili umekufa kwa miezi minane, basi ulikuwa feki, na Chrispine alinunua wa bei ya chini akala kilichobaki.

Chrispine ni Msabato. Jumamosi iliyofuata akiwa kanisani, Obare alituma watu wawili wakachukua sanduku lake la spana, wakalifungia kwenye stoo yetu. Ufunguo wa stoo ninao mimi. Obare amesema halitoki mpaka Chrispine alipe laki tatu na sitini na tatu elfu na mia tano. Fundi bila spana ni mtu tu anayetazama ziwa. Wavuvi nao wameanza kupeleka injini zao kwa fundi mwingine, na si kwa sababu ya spana peke yake. Wanasema, kama alimdanganya tajiri, sisi atatufanyaje.

Mkewe anaitwa Phanice. Anakaanga samaki hapo chini, kando ya boti zilizovutwa nchi kavu. Tangu nifike hapa ananiwekea kipande na ugali hata mshahara ukichelewa, na ninapolipa hahesabu. Baada ya sanduku kuchukuliwa nilidhani ataacha. Hakuacha. Alinipa sahani, akasema, "Kula, Mwikwabe. Wewe ulitumwa tu kufungua mlango."

Siku ya pili yake ndipo nilipompigia Joash, kama atakumbuka, nikijifanya nauliza bei ya mpira tu. Naye kabla ya kutaja bei akaniuliza boti ikilala mguu unakuwa juu au chini. Nikajibu kwa fahari kwamba uko juu kila siku na hauna hata vumbi. Kisha akasema, "Shemeji, hiyo si injini ya kuning'iniza. Huo mpira unapumzika mguu ukiwa chini. Ukiuweka juu siku zote unabanwa upande wa juu, unazoea mkunjo, unapasuka." Nikamshukuru, nikakata simu, nikaketi kwenye tairi.

Kwa hiyo ni mimi, dada. Si Chrispine, wala duka la Kisumu. Ni mimi na kitambaa changu. Chrispine angeweza kunikataza, lakini yeye pia anajua injini za wavuvi tu, na alikuwa akinisifu kama wengine.

Nitakwambia jambo ninaloona aibu kuliko hilo. Nilikaa siku tisa bila kusema. Nilifikiria karo ya Valentine. Nilifikiria kwamba Chrispine yuko kwao, ana ndugu na kanisa, nami hapa sina mtu, hata lugha yao naisikia nusu. Nilijiambia kwamba Mluo mwenzao watamsamehe mapema. Siku hizo tisa nilikula samaki wa Phanice mara saba.

Siku ya kumi nilimrudishia Phanice sahani ikiwa bado imejaa. Nikaenda kwa Obare nikamweleza yote, mguu, swichi, jua, maneno ya Joash. Nilidhani atanifukuza pale pale. Badala yake alinitazama kwa huruma, na hiyo ikawa mbaya zaidi. Akauliza, "Chrispine amekupa ngapi?" Nikasema hajanipa chochote, hata hajui nimekuja. Akasema, "Basi ni mke wake amekushibisha. Hakuna mtu duniani aliyeharibu kitu kwa kukitunza. Rudi kazini."

Nikamwambia niliyoyasikia ni ya shemeji yangu, fundi wa boti kama hizi huko Mtwapa. Akacheka. Akasema shemeji ni shemeji, ataandika chochote cha kunisaidia. Nikamjibu, "Mzee, ngoja kwanza uone atakachoandika." Amekubali kungoja mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo anasema atauza spana za Chrispine, na hela hizo hazitafika hata robo ya deni.

Sasa ombi langu. Mpe Joash huu mpira. Ndani yake, karibu na ukingo, kuna namba iliyochongwa kwenye raba. Aitazame kama ni namba ya kiwanda au ya uongo. Kisha aangalie ulipopasuka. Mimi naona umekatika juu tu, kwenye mikunjo mitatu, na chini bado ni mzima na mlaini. Yeye alishaniambia kwamba mpira mbaya unachakaa pande zote. Aandike alichokiona kwenye karatasi ya karakana yao, apige muhuri, aweke jina lake na namba ya simu. Na aandike wazi kwamba kosa ni la mtu anayelaza boti mguu ukiwa juu, na kwamba mtu huyo ni Mwikwabe, shemeji yake.

Najua moyo wake. Atataka kulainisha, aseme labda ni jua, labda ni umri. Mkataze. Karatasi ikinitetea, Obare ataikunja na kuniambia, si nilikwambia. Ikinihukumu, hapo ataiamini, kwa maana hakuna shemeji anayesafirisha kitu kama hicho kutoka Pwani bila sababu.

Kitakachonipata nimeshakihesabu. Akinibakiza, atakata elfu nne kila mwezi, na kwa deni hilo nitakuwa nimezeeka hapa ufuoni. Akinifukuza, nitarudi Ntimaru na lile shamba la chini litapata mtu wa kulilima. Kezia nimemwambia jana. Aliniuliza sanduku la watu lina spana ngapi. Nikasema sijawahi kuhesabu. Akasema nihesabu, isije ikapotea hata moja mikononi mwangu. Nimehesabu. Ni arobaini na tatu, na nyundo mbili.

Boti bado iko juu ya magogo, mguu umeondolewa. Jioni mkono wangu bado unaenda kwenye swichi wenyewe.

Nisalimie watoto, hasa yule mdogo aliyelala mgongoni mwangu siku ya matanga. Mama akipiga simu usimwambie haya, mwambie tu ninakula vizuri, maana ni kweli. Mungu aifunike nyumba yenu, na goti lako likupeleke unapotaka.

Mwambie Joash asinionee huruma. Levis hurudi huku kila Alhamisi, karatasi mpeni yeye, na ufunguo wa stoo nauvaa shingoni nikimngoja.

Ni mimi ndugu yako akupendaye bila kupungua,

Mwikwabe